Bwana Jiji Aenda Jijini

Kwa miaka ishirini na miwili kinyozi yule aliwanyoa watu wa mji wake kwa mikono miwili na mdomo mmoja, na wateja wenyewe walikuwa wakisema kwamba mdomo ndio uliokuwa mkali zaidi. Wembe wake ulikuwa wa kukunja, wa mpini wa mfupa, na kila asubuhi aliunoa kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa mguuni mwa meza. Mdomo haukuhitaji kunolewa. Mtu akishakaa kitini, akafungwa shuka shingoni na kupakwa povu mpaka chini ya pua, hana tena pa kukimbilia. Hapo ndipo kinyozi alipoanza kumweleza habari za jiji kuu.

Alilieleza jiji kama mtu anavyoeleza nyumba ya shangazi yake. Kulikuwa na ngazi zinazopanda zenyewe huku mtu amesimama. Kulikuwa na jengo refu kiasi kwamba mvua ikinyesha juu, chini watu wanaanika nguo. Nywele, alisema, huko hazinyolewi kwa mkono wa binadamu tangu zamani: unaingiza kichwa kwenye chombo, unahesabu mpaka tano, unakitoa umependeza. Kwa sababu hiyo watu walimwita Bwana Jiji, na benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kibanda chake halikukosa watu, wengine wao wakiwa na vipara visivyo na unywele hata wa dawa.

Benchi lile ndilo lililokuwa riziki yake. Mwaka uliopita, ng'ambo ya barabara, kulifunguliwa duka la kinyozi wa kisasa mwenye mashine ya umeme, feni na televisheni, na bei yake ilikuwa ile ile. Bwana Jiji hakuwa na feni wala televisheni; alikuwa na jiji. Alijua vizuri kwamba siku watakayogundua hana hata hilo, watavuka barabara wote kwa pamoja, na kama benchi lingekuwa na miguu inayotembea lingewafuata.

Na kweli hakuwa nalo. Jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe, ni kwamba alifika jijini mara moja tu, ujanani, juu ya lori la vitunguu. Lori lilipakua mzigo nje kabisa ya jiji, kwenye ghala, naye alikaa siku mbili chini ya turubai akilinda magunia na kutazama ukuta. Ukuta wenyewe haukuwa mbaya, lakini hauwezi kumlisha mtu miaka ishirini na miwili. Yaliyobaki yote aliyaokota kitini, kutoka kwa karani aliyetoka safari, mgonjwa aliyetoka kutibiwa, dereva, mwanafunzi. Mtu mwenye wembe kooni husema mengi. Kinyozi aliyapokea, akayachana, akapunguza huku na kuongeza kule, na kesho yake akamsimulia mwingine kama mambo yaliyomkuta yeye. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu alikuwa ameuwikia mji wa watu miaka yote bila kutoka shamba.

Mtu mmoja tu hakulikalia benchi lile, na huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Kitu asichokihesabu kwa kidole chake hakukiamini, na uongo aliuogopa kama panya kwenye magunia ya unga. "Shemeji, nywele ningekupa," alikuwa akisema, "lakini masikio sikupi." Tangu astaafu alikuwa hanyoi kabisa, na ndevu zilikuwa zimemshuka mpaka kifungo cha pili cha shati.

Basi siku moja malipo yake ya uzeeni yakakatika. Ikafuata barua: kumbukumbu hazikuonyesha kama mhusika bado yu hai, kwa hiyo mhusika, kama yu hai, afike mwenyewe makao makuu jijini kabla ya Ijumaa jioni. Wale wa kutoka mbali wangehudumiwa kuanzia Alhamisi saa saba mchana.

"Nitakwenda peke yangu," alisema shemeji.

"Utapotea, kaka," akasema mke wa kinyozi. "Nenda na shemeji yako. Si ndiye mwenyeji wa huko?"

Bwana Jiji alikuwa anakunywa chai. Chai ilibadilisha njia ikamwingilia puani. Alipomaliza kukohoa alitaja mgongo wake, akataja wateja, akataja mvua. Mkewe alikuwa na jibu kwa kila kimoja: mgongo utakaa kwenye kiti cha basi, wateja hawataota nywele mpya kwa siku tatu, na mvua, si alisema mwenyewe kwamba huko watu hutembea chini ya paa mtaa mzima? Kisha akaenda chumbani, akarudi na noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa, hela zake za mayai, akaziweka mezani.

"Nauli yako hiyo hapo," akasema. "Kwenda na kurudi."

Mtu hawezi kukwepa nauli iliyokwisha kuwekwa mezani mbele ya shemeji. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ingawa ukweli ni kwamba Bwana Jiji hakuvua nguo, alivuliwa.

Walishuka jijini Alhamisi saa moja asubuhi. Shemeji alikuwa na tiketi za kurudia kesho yake saa nane mchana, barua, kadi yake ya kazi yenye picha, na pesa za kula na kulala za watu wawili zilizopimwa kama dawa ya mgonjwa. Kinyozi alikuwa na wembe, mkasi, kitana, sabuni, brashi na kioo kidogo mfukoni mwa koti, kwa sababu hakujua kutembea bila vitu hivyo, na hofu iliyomjaa mpaka kwenye nyayo.

"Haya, mwenyeji," akasema shemeji. "Tunakwenda wapi?"

Bwana Jiji aliyatazama majengo. Hakulijua hata moja. Akawatazama watu waliokuwa wakipita mbio kana kwamba wote wamesahau jiko linawaka; hakumjua hata mmoja. Kisha wakampita, akaviona visogo vyao, na moyo wake ukatulia kidogo. Visogo alivijua.

Kisogo cha mtu hakijui kujivuna. Kinyozi aliweza kukisoma tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi: huyu amenyolewa saluni na kulipa bila kuuliza chenji, huyu amenyolewa na mwanafunzi siku ya kwanza, huyu hakunyolewa, alikatwa. Akasimama pale kituoni akivichambua vichwa vya watu mpaka akamwona mtu wa makamo mwenye nywele zilizopanda na kushuka kama matuta ya viazi.

"Yule," akamwambia shemeji. "Yule amenyolewa na mke wake, kwa mkasi wa nguo, mke mwenyewe akiwa na haraka. Mtu wa namna hiyo hatupi hela ovyo."

Wakamfuata, wakamsalimu, wakamwuliza mahali pa kulala watu wenye mfuko mwepesi. Mtu yule alifurahi kuulizwa swali analolijua. Aliwapeleka mwenyewe mpaka nyuma ya karakana ya kuziba matairi, kwenye vitanda vya ghorofa mbili vyenye shuka safi, ambapo mtu hulipa jioni anapolala. Shemeji alihesabu vitanda, akahesabu bei, akamtazama kinyozi kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo.

"Kumbe unalijua jiji hili," akasema.

"Nilikwambia," akajibu Bwana Jiji, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa maangamizi yao, maana sifa zilimpanda kichwani.

Saa nne njaa ikawauma. Mkate waliotoka nao ulikuwa umeisha njiani. Kinyozi akaanza tena kuchambua visogo, safari hii kwa madaha, na haukupita muda akaona kichwa kilichomtia huruma. Alikuwa kijana mwembamba. Upande mmoja umenyolewa mpaka ngozi, upande wa pili umeachwa kama majani yaliyoliwa na mbuzi akafukuzwa kabla hajamaliza, na kwa nyuma kulikuwa na mstari uliopinda.

"Maskini," akanong'ona. "Huyu amenyolewa gizani, na ndugu yake mwenye homa. Huyu atajua mahali pa chakula rahisi kuliko wote."

Kijana alikuwa mpole. "Mnatafuta pa kula? Hata mimi naenda kula sasa hivi. Twendeni," akasema. Akawaingiza kwenye jengo la vioo, wakapanda lifti mpaka juu, wakakaribishwa na mtu aliyewavutia viti kana kwamba hawajui kuvivuta wenyewe. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe kuliko shuka za hospitali. Shemeji akaishika orodha ya vyakula, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Shemeji, hapa hapana bei."

"Basi ni nafuu," akasema Bwana Jiji. "Ingekuwa ghali wangetutahadharisha."

"Kitu kisicho na bei hakitoki stoo," akasema shemeji, lakini supu ilikuwa imekwisha kuagizwa, na mkate mdogo wa moto ulikuwa umekwisha kuletwa bila kuombwa. Wakaula wakidhani ni ukarimu. Wakaletewa maji ndani ya chupa ya kioo, wakayanywa wakidhani ni maji.

Walipokuwa wakila, kinyozi, kwa roho njema kabisa, akamwinamia yule kijana kwenye meza ya jirani. "Mwanangu, ukimaliza njoo hapo nje, nitakurekebishia hicho kichwa. Bure. Nina mkasi hapa."

Kijana akacheka, akapitisha vidole kwa upole juu ya yale majani ya mbuzi, akaeleza kwamba alingoja wiki mbili kupata nafasi kwa mtu aliyemnyoa, kisha akataja alicholipa. Kilikuwa kikubwa kuliko alichopata Bwana Jiji kwa mwezi mzima, na mwezi wenyewe uwe wa kufungua shule. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini kinyozi hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulipa ili aonekane hakulipa.

Kisha ikaja karatasi ya malipo. Mkate ulikuwamo. Maji yalikuwamo. Shemeji aliisoma mara tatu, kidole kikishuka mstari kwa mstari kama alivyokuwa akipokea dawa, akitafuta kosa, na kosa halikuwepo. Alilipa, wakashuka, wakakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua mbele ya jengo. Kilichobaki mfukoni kilitosha mlo mmoja wa mtu mmoja asiye na njaa sana.

"Sasa," shemeji akasema polepole, "wewe ndiye mwenyeji. Usiku huu tunalala wapi na tunakula nini?"

Bwana Jiji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka ishirini na miwili jiji halikutoka. Ikatoka kweli. Alieleza lori, vitunguu, turubai na ukuta. Alieleza jinsi alivyokusanya maneno ya watu. Alisema yote akiwa ametazama viatu vyake.

Shemeji alipojibu hakutaja supu. "Miaka yote hii," akasema, "mke wangu ananipigia mfano wako. Nikikosea kidogo tu: mwangalie shemeji yako, kinyozi tu, ameliona jiji, wewe mwajiriwa umeona nini? Ananiambia hata mbele ya watoto."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Lakini mimi sisemi uongo, unanijua. Tukirudi, wakiniuliza pale kwenye benchi lako, nitasema nilichokiona. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia hapa kwenye maua."

Kinyozi hakubisha. Tayari alikuwa analiona benchi tupu, na ng'ambo ya barabara watu wake wakipepewa na feni.

Wakaenda ofisini kwa miguu. Ulikuwa uwanja wa saruji uliozungukwa na madirisha yenye namba, umejaa wazee kutoka kila upande wa nchi, kila mmoja amekuja kutoa ushahidi kwamba hajafa. Kwenye kona kulikuwa na bomba la maji na ndoo iliyogeuzwa chini juu. Ilipofika zamu ya shemeji, karani wa dirisha namba tatu, binti mwenye miwani mikubwa, akaitazama kadi, akamtazama mwenye kadi, akairudia kadi.

"Huyu wa kwenye picha hana ndevu."

"Nimezifuga."

"Na nywele zake zimechanwa zikapasuliwa njia upande wa kushoto."

"Zamani hiyo, binti yangu. Nilikuwa kazini."

"Mzee wangu, nisamehe. Mimi nimeambiwa nilinganishe sura na picha, na hazilingani. Siwezi kuandika kwamba uko hai."

"Sasa anayeongea na wewe hapa ni nani?"

Binti akaiangalia fomu yake kwa uaminifu, juu mpaka chini. "Hilo halimo," akasema.

Shemeji aligeuka. Alikuwa mtu wa utaratibu maisha yake yote, na utaratibu ulikuwa umemgeuka mchana kweupe. Akamwona kinyozi amekwisha kufika kwenye ile kona, amefungua bomba, anakoroga povu kwenye kifuniko cha chupa.

"Kaa kwenye ndoo," akasema Bwana Jiji.

"Bila maneno."

"Bila maneno."

Ndivyo shemeji alivyokalia kiti cha shemeji yake kwa mara ya kwanza, na kiti chenyewe kilikuwa ndoo. Kinyozi aliiegemeza kadi kwenye bomba akawa anaitazama, anakata, anaitazama tena. Ndevu zilianguka, shavu likatokea, kisha kidevu, na kinyozi akashtuka kidogo kuona kwamba chini ya ndevu zile muda wote huo palikuwa na kidevu cha mkewe. Akachana nywele, akapasua njia kushoto, akafuta povu kwenye sikio. Hakusema hata neno moja. Haikuwa kwa sababu ya masharti, hakuwa nalo.

Binti wa dirisha namba tatu alitazama kadi, akatazama uso, akagonga mhuri. Shemeji alikuwa hai kwa mujibu wa sheria.

Foleni nzima ilikuwa imeona. Kabla kinyozi hajasuuza brashi, mzee mwenye masharubu alikuwa amesimama mbele yake na kadi mkononi, na nyuma ya masharubu wengine saba. Wote walikuwa wamekataliwa kwa sababu hiyo hiyo: walikuwa wamezeeka bila kibali.

"Karibu, mzee wangu," Bwana Jiji akasema. "Tukurudishe mwaka gani?"

Alinyoa mpaka madirisha yalipofungwa jioni. Askari wa mlangoni alikuja kumfukuza, akanyolewa bure, akaenda kuleta ndoo ya pili. Shemeji alipanga foleni, akaandika majina kwa zamu, akapokea malipo madogo ambayo kila mmoja aliweza kutoa, na asiyeweza alimpitisha bila kumwuliza. Usiku huo walilipia vitanda na kula maharagwe na mkate mpaka wakashiba. Asubuhi walipofika uwanjani, yule binti alikuwa tayari anawaelekeza watu: "Mzee, nenda kwanza kwa fundi pale bombani, kisha urudi kwangu."

Kazi ile ilikuwa ngumu kuliko kunyoa. Ilimbidi amtafute mtu wa zamani ndani ya mtu wa sasa, na wengine walikuwa wamejificha mbali. Wenye vipara aliwasogezea pembeni zile nywele chache zilizobaki. Bibi mmoja, mkunga mstaafu, hakumgusa kwa wembe. Alimfunga kitambaa chake kama kwenye picha, fundo upande wa kulia, akamwomba anune kidogo kwa sababu kwenye picha alinuna. Bibi akanuna, akagongewa mhuri, akatoka akicheka. Mzee mwingine alijitazama kwenye kioo cha mkononi, akalia kimyakimya. Alisema amemwona mdogo wake aliyefariki.

Ijumaa saa sita mchana shemeji akafunga daftari. "Tuna saa nzima kabla ya kwenda kituoni," akasema, "na tuna hela. Twende ukalione hilo jiji lako. Angalau ngazi moja."

Bwana Jiji aliitazama barabara nje ya geti, watu na magari vikimeremeta juani. Aliitamani, hapana siri. Kisha akatazama ndoo. Walikuwa wamebaki wazee watatu, mmoja amesafiri siku mbili, na madirisha hayangefunguliwa tena kwao baada ya siku ile.

"Niletee maji safi, shemeji," akasema.

Jumamosi asubuhi benchi lilikuwa limejaa kabla kibanda hakijafunguliwa. Alikuwepo tarishi mstaafu, alikuwepo mwashi, alikuwepo muuza mkaa, na nyuma yao wengine wamesimama. Shemeji naye alikuja, uso mweupe kwa kunyolewa, akakaa katikati yao. Kinyozi alimfunga tarishi shuka shingoni, lakini aliyekuwa akingoja kuchinjwa ni yeye mwenyewe.

"Haya, Bwana Jiji, tupe mapya."

"Leo muulizeni shemeji," akasema, maana aliona heri aanguke mara moja.

Shemeji akasema. Alianza na lori la vitunguu, akafika kwenye ukuta, akapita kwenye supu mstari kwa mstari. Lakini alipofika kwenye bomba sauti yake ilibadilika. Alieleza ndoo, kadi, mihuri, mkunga aliyenuna. "Wazee arobaini na mmoja na bibi mmoja," akasema. "Nimewaandika. Katika maisha yangu sijaona mtu anafanya kazi kama ile, na ninamshukuru Mungu kwamba ni shemeji yangu."

Bwana Jiji alisimama na wembe hewani, na machozi yalikuwa yanamjia.

Kisha mwashi akacheka. "Mashemeji wawili, uongo mmoja," akasema.

"Uongo?" akauliza shemeji. Neno hilo halikuwahi kuelekezwa kwake tangu azaliwe.

"Sasa mzee, watu wa jijini, wenye vyombo vya kunyolea vya kuhesabu mpaka tano, wakanyolewe juu ya ndoo? Na serikali imkatae mtu kwa sababu ya ndevu?"

"Na wewe Bwana Jiji," akasema tarishi kutoka ndani ya povu, kwa masikitiko ya kweli, "kama umechoka kutusimulia, sema. Usitutungie vitu vidogo vidogo hivi. Lori la vitunguu! Mtu anayelijua jiji kama wewe?"

Shemeji alitoa daftari. Wakasema majina hata wao wanaweza kuandika. Kinyozi akaapa, na alipoapa ndipo walipozidi kusikitika. Tarishi aliponyolewa alilipa, akatoka bila kuaga. Ng'ambo ya barabara mpira ulikuwa unaanza kwenye televisheni. Mmoja akavuka, wakavuka wawili, na shemeji akainuka na daftari lake akawafuata ili kuwasomea majina yote arobaini na mawili kwa nguvu.

Mke wa kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na chungu cha chakula cha mchana. Hakuna aliyemwona alipofika. Akaingia, akakaa kwenye benchi tupu.

"Umesikia," akasema kinyozi.

"Kaka alinieleza alfajiri."

"Kwa hiyo sasa unajua kwamba mimi jiji sikuwahi kulijua."

"Hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza tulipooana," akasema mkewe. "Mtu aliyeliona jiji hulisimulia namna moja. Wewe kila mteja ana jiji lake."

Kinyozi aliuweka wembe chini. "Sasa, mama watoto, kama ulijua, kwa nini ulinitoa nikamwongoze kaka yako?"

"Nani alikutoa ukamwongoze? Kaka ana mdomo, angeuliza njia. Mimi nilitaka uende ukalione." Alifunua chungu, akakifunika tena. "Usiku unaongea nalo ndotoni. Nikasema mtu huyu asije akazeeka hivi. Hizo hela za mayai niliziweka miaka mitatu. Haya, umeliona?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, umechanwa na kupakwa mafuta, na ungemfurahisha mkewe. Aliushikilia hapo kwa muda.

"Sijaliona," akasema. "Nilipata saa nzima, nikabaki bombani. Walikuwepo wazee watatu."

Mkewe alitazama barabara, na kwa namna alivyokaza mdomo kinyozi alijua kwamba imemuuma. Miaka mitatu ya mayai si mchezo.

"Basi safari ijayo tutakwenda wote wawili," akasema mwishowe.

"Lakini mimi huko sijui njia."

"Najua," akasema mkewe, akampakulia.